Amri ni ileile, mbona Git imekataa?

KAMA umeanza kujifunza kuunda programu, huenda haya yamekukuta. Unafuata video ya mtandaoni, unaandika ‘git push origin master’ neno kwa neno, kisha kompyuta inadai haioni tawi lolote la master. Unarudia. Wapi!

Usijilaumu. Video ni ya zamani, na chaguo-msingi limebadilika.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia ya kila badiliko kwenye msimbo wako. Usipoipa maelekezo kamili, inakuamulia. Uamuzi huo ukibadilishwa, amri uliyoizoea huleta matokeo mengine.

Chukua ‘git push’. Kabla ya toleo la 2.0, lililotoka Mei 2014, amri hiyo ilituma matawi yako yote yenye majina sawa na yaliyo kwenye seva. Ukiongeza ‘--force’, ungeweza kufuta kazi ya wenzako kwenye matawi ambayo hata hukuyagusa leo! Siku hizi inatuma tawi ulilomo tu. Waliozoea mtindo wa kale walilazimika kubadilisha mipangilio yao, lakini mgala muue na haki umpe: hapa mabadiliko yaliokoa wengi.

Suala la master ni tofauti kidogo. Tangu Oktoba 1, 2020, GitHub huita tawi la kwanza la mradi mpya main. Git yenyewe iliendelea na master, japo mpango ni toleo la 3.0 lihamie main. Ndiyo maana mradi ulioanzishwa kwa kompyuta na ule ulioanzishwa GitHub unaweza kuwa na majina mawili, na anayeanza akabaki ameduwaa.

Ufanyeje basi? Kwanza, andika ‘git --version’ ujue toleo lako. Pili, ‘git status’ itakuonyesha uko tawi gani kabla hujatuma chochote. Tatu, usiache programu ikuamulie: ‘git config --global init.defaultBranch main’ inamaliza ubishi wa jina kwa miradi mipya.

Mkifanya kazi kwa kikundi, kubalianeni mipangilio mapema. Na kabla ya kusasisha Git usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi, soma kwanza maelezo ya toleo jipya. Dakika tano tu, lakini zitakuepushia presha.