Mgongo, kamba au chukudu: uzito ukae wapi?

Msimu wa kuvuna birai na maharagi ukifika, swali linarudi kwenye kila kikundi: mavuno yatafika sokoni kwa njia gani? Masisi tunashuka milima na gunia mgongoni, kamba imeshika paji la uso. Walikale, msituni, ni mihogo, ndizi na mafuta ya mawese. Huko na huku anayebeba ni mama, mara nyingi na mtoto tumboni au kifuani. Kwa hiyo tuongee juu ya uzito, na mahali uzito unapokaa.

Kwanza, tujue kilo

Litra moja ya maji ina kilo moja. Bidoni ya litra 20 basi ni kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Mama wa kilo 55 anayeibeba amebeba zaidi ya theluthi ya mwili wake. Akibeba gunia la kilo 60, amebeba mtu mwenye kumzidi.

Mwaka 1986 wachunguzi walichapisha vipimo walivyofanya kwa wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji la uso kama sisi. Waliona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 55 ni kilo 11. Kupita hapo, kila kilo inadai nguvu yake. Ujuzi wa wamama ni wa kweli, lakini una mpaka.

Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, mwaka 1967, lilishauri mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe kidogo sana kuliko hapo. Gunia zetu nyingi zinapita hata kipimo cha mwanaume.

Kuchagua kamba na kufunga mzigo

Jaribu hili nyumbani na watoto: shika kitabu karibu na kifua, kisha kinyooshe mbali na mkono. Kitabu ni kilekile, lakini mkono unachoka upesi. Mgongo nao uko hivyo. Mzigo ukikaa mbali na mwili, unakuvuta nyuma, na shingo ndiyo inalipa.

Kamba iwe pana, kama vidole vinne, na laini pale inapogusa kichwa. Kamba nyembamba inakata ngozi na kuleta maumivu ya kichwa. Fundo lisikae kwenye paji. Urefu wake uwe wa kufanya mzigo uegemee mgongo. Ukining'inia chini ya kiuno, kamba ni ndefu mno. Vitu vizito viwekwe upande unaogusa mgongo, vyepesi vikae nje. Wakati wa kuinuka, mwenzako akuinulie mzigo. Usijipinde ukiwa umeubeba.

Mama mwenye mimba, au aliyejifungua majuzi, asibebe gunia. Ukisikia kitu kizito kinashuka chini ya tumbo, mkojo unatoka bila kutaka, au mikono inakufa ganzi, nenda kituo cha afya. Si aibu, na si lazima kuvumilia.

Kuchagua chukudu ya kikundi

Vikundi vyenye likelemba vinaweza kufikiria chukudu. Goma wameisimamishia sanamu, na haki yake: ni mbao, magurudumu mawili na mipira ya zamani, lakini inabeba mzigo wa watu wengi. Kabla ya kununua, tazama mbao kama zina nyufa, kama gurudumu linayumba, na kama kipande cha mpira cha breki kinagusa vizuri gurudumu la nyuma.

Kupakia ndiko kunaokoa watu. Gunia nzito zikae chini kabisa, katikati ya magurudumu mawili. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Ukizidi mbele, usukani unakuwa mzito kwenye kona. Tena, kwenye mteremko uzito wenyewe unaelekea mbele, nyuma inabaki nyepesi, na breki inapungua nguvu mahali inapohitajika zaidi. Ndiyo maana usirundike juu: rundo refu ndilo linalopindua. Funga kwa kamba za mpira, kisha tikisa. Kinachocheza hapa kitaanguka mlimani.

Chukudu haifai kila mahali. Penye tope zito la msituni inakwama, na kupandisha mlima inataka wasukumaji. Jiulizeni mambo matatu: njia yetu ikoje wakati wa mvua? Tuna mzigo wa kutosha kila juma la soko? Nani atasukuma, na atalipwa nini?

Kama jibu ni hapana, gawanyeni. Gunia la kilo 60 kwa wamama wanne ni kilo 15 kila mmoja.

Na wasichana wetu

Msichana anayebeba gunia asubuhi anafika darasani amechelewa, na anasinzia kwenye hesabu. Siku ya soko ndiyo siku madawati yanabaki wazi. Kikundi kikipanga usafirishaji wake vizuri, kinaokoa mgongo wa mama na masomo ya binti kwa pamoja.

Kwenye mkutano ujao, mtu alete mzani. Pimeni gunia moja moja, muandike kilo, halafu muamue.