Dale Velzy, Fundi Aliyewalea Washindani Wake

Mwezi wa Mei mwaka 2005, Dale Velzy alipofariki dunia huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 77 na amekwisha kudhoofishwa na saratani ya mapafu, miongoni mwa waliomlilia walikuwamo watu ambao, kwa hesabu ya sokoni, walistahili kuitwa washindani wake. Walikuwa mafundi wa mbao za kutelezea mawimbi, kama alivyokuwa yeye. Baadhi yao walijaliwa mali kumpita, na majina yao yakaenea duniani kuliko lake. Nao si wachache waliojifunza kushika randa ndani ya karakana yake. Nimesoma habari za mafundi wa nchi nyingi, na sijaona wengi walioagwa kwa mapenzi ya namna hiyo na wenzao wa tijara moja.

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuliona wimbi kubwa kuwa ni jambo la nahodha kulikwepa, yafaa kwanza aelezwe kazi yenyewe. Watu wa Hawaii tangu enzi za kale, wafalme na raia, walikuwa wakisimama juu ya ubao na kulipanda wimbi mpaka ufukweni. Katika karne ya 19 mchezo huo ukafifia hata ukawa kama utakaokufa, ukahuika tena Waikiki mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1907 kijana wa Hawaii aitwaye George Freeth akawaonyesha watu wa California. Mbao za zama hizo zilichongwa kwa mbao nzito za miti mikubwa ya Amerika, baadhi zikikaribia kilo 45, hata kuubeba ubao mmoja kutoka nyumbani hadi majini ilikuwa kazi ya mtu mwenye misuli. Watoto, wanawake na watu wembamba, wengi wao walibaki kuwa watazamaji.

Velzy alizaliwa mwaka 1927, akakulia Hermosa Beach, mji mdogo wa pwani karibu na Los Angeles, katika ukoo ulioijua kazi ya mbao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika meli za biashara. Aliporejea akawa anachonga chini ya gati la Manhattan Beach, penye kivuli cha bure na upepo mwanana, mpaka wakuu wa mji walipochoshwa na maranda yaliyotapakaa mchangani wakamtaka atafute mahali rasmi pa kufanyia kazi. Basi ilipokaribia mwaka 1950 akapanga chumba cha duka mjini humo, na wanahistoria wengi wa mchezo huu hukihesabu chumba hicho kuwa miongoni mwa maduka ya kwanza kabisa duniani ya mbao za mawimbi.

Kazi ya siku zile ilikuwa ya mkono mtupu na jicho. Mti uliopendwa ni balsa, uliotoka Ecuador, mwepesi na laini hata ukucha huacha alama juu yake. Vipande virefu huunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, vikabanwa mpaka vikauke, kisha fundi akachora umbo, akalikata kwa msumeno, na ndipo kazi hasa ikaanza: kupita na randa kutoka omo mpaka tezi, ukingo mmoja kisha wa pili, huku akirudi nyuma kila mara kuinama na kutazama kwa usawa wa jicho kama pande mbili zinalingana. Jicho likikosa, kiganja husahihisha. Fundi hupitisha mkono polepole juu ya ukingo, na pale penye kinundu kisichoonekana vidole husimama vyenyewe. Baada ya msasa huja kitambaa cha faibaglasi na resini, yenye harufu kali na isiyosubiri mtu, kwani ikishaanza kushika haitengenezeki tena. Ubao uliotoka hapo ulikuwa mwepesi kwa kiasi ambacho kijana wa miaka kumi na mitatu aliweza kuubeba kwapani.

Na vijana wa miaka kumi na mitatu ndio waliojaa dukani. Wengi wao hawakuwa na fedha ya kununua chochote. Walikuja kutazama, nao hawakufukuzwa. Mtoto aliyezoeleka alipewa ufagio, aliyefagia vizuri akapewa ubao uliopasuka autengeneze, na aliyejua kuziba ufa bila kuacha donge akakaribishwa penye randa. Hivi ndivyo chuo kilivyo kwa mafundi wetu wa majahazi kule Lamu, ambako mwanafunzi huanza kwa kubeba na kushika kabla ya kuruhusiwa tezo. Tofauti ni kwamba kwetu aghalabu ujuzi hubaki katika nyumba moja, ilhali Velzy aliwafundisha watoto wa kila mlango.

Miongoni mwao alikuwa Greg Noll, aliyezaliwa mwaka 1937, ambaye mwaka 1956 alikwenda Australia na mbao za namna ya California, na mafundi wa huko, walipoziona zinavyogeuka juu ya wimbi, wakaacha namna yao ya zamani. Bing Copeland naye alikuwa kijana wa pwani hiyo hiyo, na jina lake hata leo limeandikwa juu ya mbao zinazouzwa duniani. Walakini kisa kinigusacho zaidi ni cha Donald Takayama, mtoto wa Honolulu aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye katikati ya miaka ya 1950, kabla hajafikia umri wa kunyoa ndevu, alivuka bahari kuja California akapokewa katika karakana ya Velzy na mshirika wake Hap Jacobs huko Venice, akapewa kazi ya kuchonga pamoja na watu wazima. Mteja aliyelipa fedha zake taslimu angeweza kulalamika kwamba ubao wake unachongwa na mtoto. Velzy alitazama mikono, hakutazama miaka, na muda si muda ikadhihiri kuwa hakukosea.

Ukarimu huo haukuishia kwa mafundi. Kulikuwa na kijana mwingine, Bruce Brown, mwokozi wa waogeleaji, aliyekuwa akipiga picha za sinema kwa kamera ndogo na kuwaonyesha watu kwa senti chache. Mwaka 1958 Velzy alimtolea dola 5,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule, anunue kamera ya maana, apate nauli ya kwenda Hawaii na vijana wachache, na atengeneze filamu kamili. Ikatoka filamu iitwayo Slippery When Wet, ambayo ndani yake mbao za Velzy zilionekana, na mtu aweza kusema kwamba alinunua matangazo. Nami nakubali kwamba alikuwa mfanyabiashara na alipenda jina lake lionekane. Lakini fedha za kiasi kile hakuna mtu mwenye hofu ya hasara angemkabidhi kijana asiyejulikana. Brown ndiye aliyekuja kutengeneza The Endless Summer, filamu iliyowafuata vijana wawili kuizunguka dunia wakitafuta mawimbi, wakapita Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, na iliyoutangaza mchezo huu kwa watu ambao hawajapata kuiona bahari.

Mwaka 1955 Velzy alikuwa amebuni umbo jipya, akiisogeza sehemu pana ya ubao nyuma ya katikati na kuikondesha omo, hata tezi likawa pana na ubao ukageuka kwa wepesi chini ya miguu. Wenyewe waliuita nguruwe kwa unene wake wa nyuma. Umbo lile likaigwa na kila karakana, wala hakuna aliyeomba ruhusa. Jacobs alipojitenga naye mwaka 1959 akafungua duka lake mwenyewe, na Noll na Copeland vilevile wakawa na yao.

Insafu yataka niseme na upande wa pili. Velzy alikuwa na maduka kadhaa, yakisemwa kuwa biashara kubwa kuliko zote za mbao za mawimbi duniani, lakini daftari zake hazikuwa katika hali njema, na ilipoingia miaka ya 1960 mamlaka ya kodi ikayafunga kwa kufuli, vitu vilivyokuwamo vikauzwa. Mkono mwepesi wa kutoa si udhuru wa kutoandika hesabu, na waliomtegemea kwa mishahara bila shaka walipata taabu. Akaenda Arizona, akaishi na farasi na kutengeneza mikokoteni ya kuvutwa nao, kisha akarudi pwani kuchonga, kwanza kwa ajili ya wengine, na katika uzee wake mbao zake za balsa zikawa zinatafutwa na wakusanyaji kwa bei ambayo hakuiota ujanani.

Mwaka ule ule aliofariki, tarehe 5 Desemba, lilitokea jambo ambalo ndilo lililonifanya nifikiri zaidi juu ya maisha yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 balsa ilikuwa imeachwa, na mafundi wakichonga povu gumu la kemikali, ambalo kwa sehemu kubwa sana lilitoka katika kiwanda kimoja, Clark Foam, kilichoasisiwa na Gordon Clark. Siku hiyo Clark, akitaja mashaka yake juu ya sheria za serikali na mashitaka, alitangaza kwamba amefunga, na kalibu zake zikavunjwa zisitumiwe tena na mtu. Ilikuwa haki yake, kwani mali ilikuwa yake. Karakana za California zikaamka asubuhi hazina cha kuchonga, bei ikapanda, hofu ikaenea. Na waliovuka miezi ile ni wale ambao mikono yao ilijua kazi hata kama malighafi imebadilika, wakachonga povu la kigeni, wengine wakairudia balsa.

Takayama alikuwa mmoja wao, akiwa na karakana yake na vijana wake kusini mwa California, na ubao wake wenyewe ukipendwa kutoka Japani mpaka Ufaransa. Alifariki mwaka 2012. Miongoni mwa aliowalea tangu utotoni ni Joel Tudor, ambaye ni bingwa wa dunia wa mbao ndefu wa mwaka 1998, wa mwaka 2004, na tena wa mwaka 2021, alipokuwa na umri wa miaka 45.