Faiwoli mbili zikiungwa, ipi inafuta mwenzake?

Wengi tunadhani ukiunga faiwoli mbili ili moja ikifa nyingine ishike kazi, zinakaa chini na kuchanganya mipangilio yao. Hapana. Moja inachaguliwa kuwa kuu, nyingine inafuta ya kwake na kunakili ya mwenzake. Sasa ole wako ichaguliwe iliyo tupu.

Mimi yalinikuta nikiwa fildi kwenye ofisi moja hapa Songea. Faiwoli ya zamani, FortiGate, ilibeba kazi ya miaka: sheria za kuruhusu na kuzuia, watumiaji, njia ya VPN ya kwenda tawi la Mbinga. Mpya tuliiwasha jioni, tukaipa jina la kundi na nywila, ikalala kwenye UPS. Asubuhi umeme ukakatika. (Tangu 2018 tuko gridi ya taifa, enzi za majenereta ya dizeli zimepita, ila umeme ni umeme.) UPS ya ile ya zamani betri ilishachoka, ikazima ikawaka upya. Tukachomeka waya. Muda si muda mama mhasibu akaita kutoka chumba cha pili: "Wanangu, mtandao mmeufanyaje? Leo mishahara!"

Kilichotokea ni hiki. FortiGate zikikutana, kwanza zinahesabu milango inayofuatiliwa iliyo hewani. Zikilingana, zinaangalia ipi imekaa muda mrefu bila kuzima. Tofauti isiyofika dakika 5 haihesabiwi. Namba ya kipaumbele inafuata baada ya hapo. Sisi tuliipa ya zamani 200 na mpya 100, tukajiona tumemaliza. Kumbe mpya ilikuwa na saa 16 hewani, ya zamani dakika 20.

Dawa yake ipo: ukiwasha mpangilio unaoitwa override, kipaumbele kinatangulia muda. Hata hivyo, zima mpya na uiwashe tena mwishoni kabisa, ikiwa na waya wa mawasiliano ya zenyewe kwa zenyewe tu. Waya za ofisi zisubiri mpaka uone kwa macho yako ipi ni kuu.

Usihamishe mazoea kutoka chapa moja kwenda nyingine. Palo Alto ni kinyume: namba ndogo ndiyo inayoshinda. Kwenye NetScaler, mpya unaiwekea kwanza hali ya STAYSECONDARY, isiweze kuwa kuu hata ikitaka.

Na kabla ya yote, toa faili la mipangilio, liweke kwenye laptop na fleshi, nje ya faiwoli zote mbili. Jozi si bakapu. Ukifuta sheria kimakosa kwenye kuu, sekunde chache tu na ya pili imeshafuta.

Sisi fleshi yetu ilikuwa na faili la miezi saba nyuma. Yaliyobaki tuliandika upya kwa mkono siku mbili, na nywila ya VPN ya Mbinga tukasomewa kwa simu, herufi moja moja.