KWA NINI KAMPUNI YA CHIPU HUUZWA MABILIONI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kwanza nikutoe wasiwasi. Chipu ninazozizungumzia si zile chipsi za kantini zinazotufanya tukimbilie foleni kabla kengele haijamaliza kulia. Chipu ni kipande kidogo cha silikoni, pengine kidogo kuliko ukucha wako, kilichomo ndani ya simu, kompyuta na hata gari, nacho ndicho kinachozifanya hesabu zote humo ndani. Usione vyaelea, vimeundwa!

Swali hili lilizuka katika somo la Biashara. Mwalimu alitueleza kwamba mwaka wa 2016 kampuni ya SoftBank ya Japani iliinunua kampuni ya ARM ya Uingereza kwa pauni bilioni 24.3, yaani kama dola bilioni 32. Kisha akaongeza kuwa ARM haikuwa na kiwanda hata kimoja cha kutengenezea chipu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikaropoka, "Mwalimu, hao Wajapani wameuziwa mbuzi kwenye gunia!" Mwalimu hakunikemea. Aliniambia tu nikatafute jibu, nikilipata niliandikie jarida la chama. Basi hili hapa.

ARM ilianzishwa mwaka wa 1990 huko Cambridge. Kazi yake ilikuwa kama ya mchoraji ramani za nyumba. Mchoraji hachanganyi saruji wala habebi mawe, lakini hakuna fundi atakayejenga ghorofa bila ramani yake. Kampuni kama Apple, Qualcomm na Samsung hulipa leseni ili zitumie ramani za ARM, kisha kuna mrabaha kwa kila chipu inayouzwa. Kwa chipu moja, mrabaha huo aghalabu ni senti chache za dola. Lakini haba na haba hujaza kibaba: katika mwaka wa 2015 pekee, chipu zipatazo bilioni 15 zilizotumia ramani hizo ziliuzwa duniani.

Sasa bei. Hapa ndipo nilipokuwa nimepotoka, na aliyenifungua macho ni mama, ambaye hajawahi kununua hisa hata moja. Mwaka juzi tulitaka kuuza mtamba wetu mwenye mimba ili nipate karo. Dalali alikuja, akamzunguka, akampapasa mgongo, akataja bei. Mama akamwambia, "Hiyo ni bei ya nyama. Sisi tunauza maziwa." Dalali akaenda zake akinung'unika. Baada ya siku mbili alirudi na bei nzuri, na muhula ule sikurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Naam, kampuni nayo ina bei ya nyama na bei ya maziwa. Bei ya nyama ni mali iliyopo leo: majengo, mashine na pesa benki, ukitoa madeni. Bei ya maziwa ni faida inayotarajiwa miaka ijayo. Kampuni za teknolojia huuzwa kwa bei ya maziwa, kwa sababu mali yao kubwa imo vichwani mwa wahandisi na katika mikataba, si katika mabati na matofali.

Isitoshe, anayeinunua kampuni yote hulipa zaidi ya bei ya sokoni. SoftBank ililipa pauni 17 kwa kila hisa ya ARM, asilimia 43 juu ya bei iliyokuwa katika soko la hisa. Kwani kwa nini? Kwa sababu mwenye hisa chache ni abiria tu, bali mwenye zote ndiye anayeshika usukani.

Usukani huo ndio ulioleta mzozo. Mnamo Septemba 2020, kampuni ya chipu ya Nvidia ya Marekani ilikubali kuinunua ARM kwa dola bilioni 40, sehemu kubwa ikiwa ni hisa zake yenyewe badala ya pesa taslimu. Wengi waliokuwa wakitumia ramani za ARM ni washindani wa Nvidia. Hebu fikiria fainali ya mpira ambapo timu moja imemnunua refa! Qualcomm ilipinga, na Desemba 2021 serikali ya Marekani ikafungua mashtaka kuuzuia ununuzi huo. Uingereza na Umoja wa Ulaya nazo zilikuwa zikiuchunguza. Februari 2022 mpango ukavunjika, na SoftBank ikabaki na arubuni ya dola bilioni 1.25.

Mnamo Septemba 2023 hisa za ARM ziliuzwa kwa umma huko New York kwa dola 51 kila moja, kampuni nzima ikithaminiwa kuwa kama dola bilioni 54.5. Faida yake katika mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa dola milioni 524. Chukua kalamu ugawanye: utapata 104. Yaani faida isipokua, mnunuzi atangoja miaka 104 ndipo pesa zake zirudi! Lakini tuseme, kwa mfano tu, kwamba faida inakuwa maradufu kila baada ya miaka 5. Nilijumlisha mwaka baada ya mwaka, nikaona pesa hizo zingerudi katika mwaka wa 22. Kumbe kinachopandisha bei ni kasi ya kukua.

Hata hivyo, si kila mtamba huzaa salama. Mwaka wa 2015 Intel iliinunua kampuni ya chipu ya Altera kwa dola bilioni 16.7. Mwaka wa 2025 ilikubali kuuza asilimia 51 ya Altera, kampuni yote ikithaminiwa kuwa dola bilioni 8.75 tu. Karibu nusu ya thamani ilikuwa imeyeyuka. Bei ya maziwa ni matumaini, na matumaini hayana dhamana.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukisikia kampuni imeuzwa mabilioni, usishangae tu wala usicheke kama nilivyocheka mimi. Uliza mambo matatu: inapata faida kiasi gani leo, faida hiyo inakua kwa kasi gani, na ni nani watakaoumia usukani ukibadilisha mikono. Mwalimu, jibu langu ndilo hilo. Wajapani hawakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Walinunua mtamba, na walimwona.