Minyoo Midogo Katika Maji ya Alevini: Dawa Iache, Angalia Chakula



Wakati wa kiangazi, vijito vya Kasongo na Kabambare vikipungua, swali moja linarudi katika mikutano yetu: "Maji ya alevini yamejaa minyoo midogo, tuweke dawa gani?" Wanaouliza wana watoto wa tilapia ndani ya etan ndogo, ao wamewaweka kwanza nyumbani ndani ya beseni kubwa, wakingoja etan imalizike.

Jibu letu: usiweke dawa yoyote. Alevini umewanunua kwa pesa, na dawa ya wadudu ya shamba inaweza kuwamaliza wote kwa siku moja.

Tambua kwanza ni mdudu gani

*Mweupe, mwembamba kama uzi.* Anajikunja-kunja ndani ya tope. Anakula mabaki yaliyooza. Hana shida na samaki.

*Mwekundu kama damu.* Mara nyingi huyu si mnyoo, ni mtoto wa kadudu kanakofanana na mbu lakini hakaumi watu. Wekundu wake unatoka kwa himoglobini, ile ile iliyo ndani ya damu yetu. Inamsaidia kuishi ndani ya tope lenye hewa kidogo. Alevini waliokua kidogo wanamla vizuri sana.

*Bapa, anateleza polepole kwenye ukuta wa beseni.* Anaitwa planaria. Anakula mabaki, lakini anaweza kula pia mayai. Tilapia ya Nile analea mayai yake ndani ya kinywa, kwa hiyo hatari ni ndogo. Kambale anayaacha nje, huyo ndiye wa kuchungwa.

*Mwenye miguu sita na macho makubwa.* Huyu ni mtoto wa kereng'ende, na ndiye adui wa kweli: anakamata alevini na kuwala. Mtoe kwa wavu mdogo, kila siku.

Wanatoka wapi?

Minyoo inaongezeka pale chakula kinapobaki. Pumba ya mpunga ikitupwa nyingi, inashuka chini na kuoza. Minyoo inakuta karamu. Lakini kinachoua alevini ni kule kuoza, kwa sababu kunakula hewa ya maji usiku kucha. Ukifika asubuhi mapema ukaona alevini wote juu, midomo wazi, ujue hewa imekwisha. Minyoo ilikuwa imekwisha kukuonya.

Hesabu ya chakula

Alevini wadogo wanahitaji kwa siku karibu sehemu 10 kwa 100 ya uzito wao. Tuseme una alevini 500, kila mmoja gramu 2. Jumla ni kilo 1. Chakula chao kwa siku ni gramu 100, unagawa mara 4: gramu 25 kila mara. Pima mara moja kwenye mizani ya koperative, weka alama kwenye kikopo, basi. Kila wiki mbili pima alevini kadhaa, ongeza kadiri wanavyokua.

Chakula kisipokwisha kwa dakika 10, umeweka kingi. Punguza.

Kazi ya wiki moja

1. Minyoo ikiwa mingi, acha kulisha siku moja, kisha rudi kwa nusu ya kipimo kwa siku tatu.
2. Ndani ya beseni, vuta uchafu wa chini kwa mupira mwembamba. Toa theluthi moja ya maji, rudisha maji safi ya mto yenye joto lile lile. Usibadilishe yote kwa mara moja.
3. Ndani ya etan, lisha pahali pamoja kila siku, na uchote tope la pahali pale. Ongeza maji mapya kama kijito kinaruhusu.
4. Ingiza mkono ndani ya maji ya etan. Kiganja kikipotea mbele maji hayajafika kwenye kiwiko, maji ni mazito mno: pumzisha samadi na komposti.

Vitu vya kukataza kabisa

Dawa ya shamba, javeli, na dawa ya kupuliza mbu. Hata chandarua chenye dawa usikifue ndani ya etan wala kukitumia kuvulia: dawa yake, hata kidogo, inaua samaki. Tena maji ya etan yanashuka kwenye kijito, na chini kuna watu wanaochota.

Mbele ya kuweka alevini wengine

Kausha etan mpaka tope lipasuke. Mwaga chokaa, kilo 10 kwa are moja, ukifunika mikono na macho maana inaunguza. Jaza maji, ngoja wiki mbili, ndipo ulete alevini. Hapo planaria na watoto wa kereng'ende wamepungua sana.

Katika mkutano ujao, kila mwenye alevini alete kikopo chake cha kulishia. Tukipime pamoja.