Jipu la Puani Halikamuliwi

Mkazi wa delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa maana ya maji kurudi nyuma. Anajua kwamba mto unaoteremka kutoka bara, ukifika kwenye mikoko, hugawanyika katika mikono mingi. Na kwamba bahari ikijaa, maji ya mikono hiyo husimama, kisha hupanda kwa njia ile ile yaliyoshukia. Wakulima wa mpunga wanalijua hilo kwa uchungu, maana bamvua kubwa huwaingizia chumvi shambani. Ndani ya kichwa chako mna jambo linalofanana na hilo. Tunalizungumzia mwezi huu kwa sababu ya mazoea tunayoyaona kila mahali, kuanzia Salale na Maparoni hadi Kibiti mjini: kukamua majipu na chunusi za usoni.

Kwanza tuone damu inavyopanda. Weka vidole viwili pembeni mwa kikoromeo chako, upande mmoja tu, bila kukandamiza sana. (Usibane pande zote mbili kwa pamoja, unaweza kuzirai.) Utasikia mshipa unadunda. Huo ni mmoja wa mishipa minne mikubwa inayopeleka damu kichwani. Miwili hupita mbele, kushoto na kulia. Mingine miwili, iliyo myembamba zaidi, hupita nyuma katika matundu ya mifupa ya shingo. Ule uliougusa hugawanyika hapo karibu na kikoromeo. Tawi moja huingia ndani ya fuvu kulisha ubongo na jicho, na la pili hulisha uso, ulimi, meno na ngozi ya kichwa. Chini ya ubongo mishipa inayoingia ndani huungana kama duara, ambalo daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Ubongo ni kama sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amepumzika hupokea sehemu 15 hadi 20 kati ya kila 100 za damu inayosukumwa na moyo.

Damu hiyo yote lazima ishuke tena, na hapa ndipo penye habari yetu. Mishipa ya miguu inayorudisha damu moyoni ina vimilango ndani yake. Damu ikishapita juu, kimlango hujifunga nyuma yake. Mishipa inayounganisha uso na ndani ya fuvu haina ulinzi wa namna hiyo wa kutegemewa. Kwa kawaida damu ya uso hushuka shingoni, lakini njia ya kawaida ikibanwa au ikiziba, damu yaweza kugeuka na kwenda ndani, kama maji ya mto wakati bahari inapojaa.

Chora kwa kidole pembetatu kuanzia katikati ya macho, mahali pua inapoanzia, hadi pembe mbili za mdomo. Damu ya sehemu hiyo ina njia inayopita kwenye kona ya jicho, kisha nyuma ya jicho, hadi kwenye vijidimbwi viwili vya damu vilivyo ndani ya fuvu, kimoja kila upande. Katikati ya kila kijidimbwi hupita ule mshipa mkubwa wa shingoni ukielekea kwenye ubongo, pamoja na mishipa ya fahamu inayogeuza jicho. Tena vijidimbwi hivyo viwili vimeunganishwa.

Sasa mtu ana jipu puani au juu ya mdomo. Usaha umezungukwa na ukuta ambao mwili wenyewe umeujenga. Yeye analibana kwa kucha. Usaha kidogo hutoka nje, naye hufurahi. Lakini mwingine husukumwa ndani pamoja na vijidudu, mara nyingi vile viitwavyo stafilokokasi, ambavyo watu wengi huishi navyo puani bila madhara. Vikiingia mshipani, damu yaweza kuganda, na bonge hilo lenye vijidudu likapanda hadi kule ndani.

Hatutaki kumtisha mtu bure. Chunusi nyingi zinazokamuliwa huacha kovu tu, na ugonjwa tunaouzungumzia ni adimu. Lakini kabla ya kupatikana penisilini ulikuwa unaua karibu kila aliyeupata, na hata leo, pamoja na dawa zote, huua wengi na kuwaachia wengine upofu. Mtunzi wa muziki wa Urusi, Alexander Scriabin, alikufa mjini Moscow mwezi Aprili 1915 akiwa na miaka 43 tu. Chanzo kilikuwa kijipu kwenye mdomo wa juu, kilichomtia sumu katika damu. Hakukosa waganga, dawa ndiyo ilikuwa haijapatikana.

Basi jipu la usoni lifanyiwe nini? Likandwe kwa kitambaa safi kilichochovywa maji ya moto yanayovumilika, mara tatu au nne kwa siku, mpaka lipasuke lenyewe au linywee. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuligusa. Vinyweleo vya puani visinyofolewe. Kununua vidonge viwili vitatu dukani na kuviacha uvimbe ukipungua ni kujidanganya. Likizidi kukua, au likimpata mtoto mdogo au mwenye kisukari, aende zahanati. Sikio linalotoa usaha na jino lililooza nalo lisipuuzwe, kwani vina njia zao za kufika ndani.

Zipo dalili ambazo hazingoji kesho: homa yenye kutetemeka, kichwa kuuma sana hasa nyuma ya jicho, kope kuvimba, jicho kutokeza nje au kushindwa kugeuka, kuona vitu viwiliviwili. Ikiwa jicho la pili nalo limeanza kuvimba, hatari ni kubwa mno. Mgonjwa huyo anahitaji dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, kwa wiki kadhaa, na kipimo cha picha ya kichwa, jambo ambalo mara nyingi humaanisha rufaa hadi Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa aliye Kibiti au Mchukwi, gari lipo barabarani. Kwa aliye visiwani ndani ya delta safari ni ya chombo hadi Nyamisati kwanza, ndipo gari kwenda Bungu na barabara kuu, na maji yakipwa chombo hukaa matopeni saa nyingi. Kwa hiyo familia ikiona kope limevimba jioni, itafute nahodha jioni hiyo hiyo na kuondoka na maji ya kwanza, hata yakiwa ya usiku. Mkifika, mwambieni daktari bila kuficha kwamba jipu lilikamuliwa, na lini.