Mwelekeo wa Sifa za Elementi katika Jedwali: Mfano wa Bidhaa za Njia ya Misafara ya Tabora

Katika karne ya 19, bidhaa tatu za madini zilijulikana katika biashara ya misafara ya Tabora: chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi, majembe ya chuma ya wahunzi wa Usumbwa, na shaba ya Katanga, ambako Msiri, mzaliwa wa Unyamwezi, alianzisha dola ya Garenganze.

Kwa kawaida hufundishwa kwamba nishati ya kuondoa elektroni ya kwanza ya atomi huongezeka kutoka kushoto kwenda kulia katika jedwali la elementi. Kanuni hii yaieleza vyema sodiamu iliyomo katika chumvi. Elektroni yake huondolewa kwa kilojuli 496 tu kwa moli. Ndiyo maana sodiamu haipatikani ardhini ikiwa peke yake, wala kuchemsha maji ya Uvinza hakukuitenga na klorini.

Hata hivyo, kanuni hiyo haitoshi kutofautisha chuma na shaba. Chuma huhitaji kilojuli 762 na shaba 745. Kwa kigezo hicho, shaba ingekuwa nyepesi zaidi kuungana na oksijeni. Tanuri la makaa huonyesha kinyume: shaba hutengana na mawe yake kwa urahisi kuliko chuma. Sababu kubwa ni elektroni ya pili, inayohitaji kilojuli 1,562 katika chuma na 1,958 katika shaba.

Kwa hiyo, mwelekeo wa sifa moja hautoshi kutabiri mwenendo wa elementi.